Mkataba wa Baba Kulwa

Wanaonijua hapa Geita wanasema dhahabu imenichanganya akili. Waache waseme. Hili lilinikuta mimi mwenyewe, saa saba mchana, jua la utosi, si usiku wala ndotoni. Mtoto wangu yupo hai. Nenda kamuulize baba yake ni nani, halafu urudi uniite mwongo.

Nilikuwa na gari la mkataba. Kama huujui mkataba, ni hivi: tajiri ananunua gari, wewe unaendesha, kila wiki unampelekea hesabu, na muda ukiisha gari linakuwa lako. Langu lilikuwa mchomoko, zile gari ndogo za abiria za huku kwetu, na tajiri wangu alikuwa mama mmoja wa Ngokolo, Shinyanga. Tulikubaliana miezi kumi na minane. Karatasi aliiandika yeye, na kwa kuwa huku ukishazaa jina lako la kuzaliwa linabaki kwenye kitambulisho tu, aliandika "Baba Kulwa". Nami nikasaini hivyohivyo. Nina pacha wa miaka saba, Kulwa na Doto, na aliyetangulia kutoka ndiye anayekupa jina. Nani angeona kosa hapo?

Mwezi wa kumi shemeji yangu akapiga simu kutoka Rwamgasa. Duara lao, yaani shimo wanalochimba, limetema dhahabu, imebaki hisa moja, mwisho Jumamosi. Basi gari likanitoka moyoni siku hiyohiyo. Ilikuwa tamaa, sikufichi. Sikuwa na njaa wala mgonjwa nyumbani. Nikampigia mama wa Ngokolo kumwambia navunja mkataba, akacheka.

"Baba Kulwa, soma karatasi yako. Ukivunja katikati, gari unarudisha, ulichokwisha kulipa kimeliwa, na unaniongezea hesabu ya miezi mitatu, ndiyo fidia. Kama hutaki, niletee mtu aurithi mkataba aendelee ulipoishia."

Fidia ingemeza akiba yote niliyotaka kununulia hisa. Nikatafuta mtu stendi nzima. Kila aliyekuja alifungua boneti, akaguna, akaondoka zake. Ilipofika Ijumaa nilikuwa nimekaa ndani ya gari nimenuna, abiria hata siwataki, ndipo akaja mzee mmoja mwenye mvi, shati jeupe, akainama dirishani.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

Mzee wa umri wa baba yangu ananipa mimi shikamoo! Ulimi ukajibu wenyewe: "Marahaba." Nimeijutia sana marahaba ile.

Akafungua mlango akakaa. Sasa sikiliza, mimi ni dereva, gari langu nalijua. Springi zake zilikuwa zimechoka, hata mtoto akipanda linainama. Yule mzee alipanda na gari halikuinama hata kidogo. Niliona, na nikajifanya sikuona, kwa sababu alisema anautaka mkataba wangu. Hakukagua injini, hakuuliza tairi, hakuomba kuliendesha. Mtu hununua hata kuku bila kumpapasa kifua? Ningekuwa na akili timamu ningeshuka nikaliacha gari palepale.

Aliandika mwenyewe, mwandiko mzuri kama wa karani. Nilisoma haraka: "Mimi Baba Kulwa namkabidhi mzee huyu kila kilicho cha Baba Kulwa, aendelee nacho mpaka muda uishe kiwe chake." Miezi minane ilikuwa imebaki. Nikasaini. Tukaipiga picha karatasi, nikamtumia mama wa Ngokolo kwa simu, akajibu amekubali.

"Wabeja sana," yule mzee akanishukuru, akawasha gari akaenda. Nikarudi nyumbani kwa miguu huku nikipiga mluzi.

Doto alinikimbilia mlangoni, "Baba! Baba!" Kulwa alibaki amesimama. Akanitazama, akageuka ndani. "Mama, kuna mgeni."

Mke wangu akacheka. Mimi pia nikacheka, mwanzoni. Doto akamwambia, "Kulwa, si baba huyu?"

"Huyo baba yako wewe," akasema Kulwa. "Wangu anaendesha gari."

Nilimchapa. Ndiyo, nilichukua fimbo nikamchapa mwanangu, nikimwambia niite baba, niite baba! Akalia akimwita baba yake aje amsaidie. Na huko nje, naapa, honi ikalia, honi ya gari langu, ile iliyokwaruza kama mtu mwenye mafua. Nilipotoka, mzee alikuwa anapita taratibu. Mimi hakunitazama. Alimpungia mkono Kulwa, na Kulwa, machozi yakimtiririka, akatabasamu.

Padri alikuja kubariki nyumba. Mganga mmoja wa Bukombe alikula mbuzi wetu wawili. Wapi! Majirani sasa wananiita Baba Doto, na hawajui ni lini walianza. Mama wa Ngokolo anasema hajawahi kupata dereva mwaminifu kama yule mzee, hesabu inafika kila Jumatatu bila kupungua senti. Nimekuwa mtu wa kuomba usiku na mchana mwenzangu apate ajali. Na lile duara? Lilitoa. Nimejenga, nimeezeka bati la rangi, na ndani ya nyumba hiyo pacha wangu wanalala kitanda kimoja, mmoja ana baba na mwingine anamngoja wake aje kumchukua.

Mwezi uliopita nilimkuta mzee stendi. Nikampigia magoti mbele ya watu, nikamwambia nataka kuuvunja.

"Unavunjika," akasema kwa upole. "Masharti yako unayajua. Lipa fidia, au niletee baba mwingine nihamie kwake."

Nikamuuliza fidia ni nini. Akamtaja Doto.

Imebaki miezi miwili. Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza: kwenye karatasi andika jina ulilopewa na wazazi wako, na mtu asiyekagua mzigo wako usimtwike. Nakuonya kwa sababu jana nimempata kijana mmoja wa pikipiki ya mkataba, amechoka na hesabu, anataka kutoka. Ana binti mmoja, Nyanzala, ndio kwanza anaota meno. Nilimwambia namfahamu mzee mmoja anayechukua mikataba. Akafurahi, akaniomba kalamu, akaandika Baba Nyanzala.

Sikumsahihisha.