Mjane wa Radi

Spesiyoza aliingia kwenye kibanda cha Erasti, wakala wa huduma za serikali mtandaoni, kuomba tarehe ya ndoa, akaambiwa ana mume.

"Najua, nimekuja naye," akajibu, akimwonyesha Ladislasi, mchoma matofali, aliyesimama mlangoni na shati la kuazima.

"Huyu bado mchumba, mama. Mtandao wa serikali unasema mumeo ni Bizumuremyi." Erasti akageuza kioo cha kompyuta wakione wenyewe. "Tena yu hai."

Ladislasi akacheka peke yake. "Miaka yote hii namwonea huruma marehemu, kumbe ni mpinzani wangu!"

Spesiyoza hakucheka wala hakukasirika. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia mbuzi wake amekufa, atakuuliza ngozi iko wapi. Watu wa kilima chao, huko Rutsiro, walimwita jiwe, na yeye aliona wamekosea kidogo tu, kwa kuwa jiwe nalo hupata joto jua likiwaka. Ladislasi alipoleta ng'ombe wa mahari kwa kaka yake, majirani walipiga vigelegele mpaka ng'ombe akashtuka. Bibi harusi mwenyewe alikwenda kumkatia ng'ombe majani.

Hakuzaliwa hivyo. Bizumuremyi alipigwa na radi akipalilia maharagwe, na ukoo wake una mwiko: aliyechukuliwa na radi haliliwi. Ukimlilia, unaiita irudi nyumba ileile. Hata neno kifo halitamkwi, husemwa tu kwamba wa juu amepita. Siku ile Spesiyoza alipofungua kinywa apige ukunga, mama mkwe wake, bibi Nyirakamana, alimziba kwa kiganja palepale shambani. Wingu lilikuwa bado limetanda, na watoto walikuwa ndani. Basi akamzika mumewe macho makavu, akarudi kupika. Na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulitamka neno lenyewe, hakuna aliyekwenda kuandikisha. Ukoo ukabaki na mwiko wake, serikali ikabaki na mtu wake hai.

"Sasa tufanyeje?" Ladislasi akauliza.

"Mama wa marehemu afike ofisi ya tarafa, aseme mwanawe amekufa. Hapo ndipo mama huyu atakuwa mjane, na mjane anaolewa. Bila hivyo hakuna cheti, na bila cheti padri hawagusi."

"Aseme amekufa," Spesiyoza akarudia. Kazi ilikuwa hapo.

Walimkuta bibi uani, anapukuchua maharagwe. Ladislasi akabaki nje ya ua kwa adabu. Bibi alisikiliza yote bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo unataka nimuue mwanangu ili uolewe."

"Mama, mimi sina ninachokitaka sana. Nimechoka tu kuwa mke wa mtu asiyekuwepo."

Alisema kweli. Hakuwa na moyo wa kusema anampenda Ladislasi. Mwanamume yule aliziba paa lake bila kuombwa, akacheka vichekesho vyake mwenyewe, na watoto wakamfuata kila aendako. Hilo lilimtosha, na sasa hilo nalo lilikuwa mkononi mwa kikongwe mmoja.

"Na ikirudi?" bibi akauliza.

"Itatukuta hapahapa."

Bibi akainua kichwa. "Zamani ulikuwa na maneno wewe, mpaka nikawa nakwambia nyamaza. Nilikuziba siku moja, ukazibika moja kwa moja." Akakung'uta maganda kwenye kanga. "Nitakuja kesho. Kama kuna wingu, siji."

Kulipokucha anga lilikuwa jeupe, bila wingu. Bibi alifika ofisini amejitanda vizuri kama mtu wa kanisani, akaketi mbele ya karani. Karani alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole.

"Bizumuremyi yuko wapi, bibi?"

"Wa juu alipita."

"Naelewa. Lakini naomba useme mwenyewe: yu hai au amekufa?"

Bibi akageukia dirisha, akachungulia juu, akalipekua anga lote upande mmoja mpaka mwingine. Kisha akashika kiti kwa mikono miwili.

"Amekufa," akasema. "Mwanangu amekufa."

Karani akabonyeza. Simu ya Spesiyoza ikalia mfukoni, naye akasoma ujumbe polepole: mumewe amefariki, yeye ni mjane. Alisoma tena.

"Pole na hongera," karani akasema. "Njia iko wazi. Ndoa tunafungisha Alhamisi. Tuwaandikie Alhamisi ipi?"

Ladislasi akamgeukia mchumba wake, tabasamu liko tayari. Halikukaa. Akavua kofia.

"Usituandikie kitu leo," Spesiyoza akasema, na sauti ilimtoka nene, haijulikani ni ya nani. "Leo nimefiwa."

Akajishika mdomo kwa kiganja, palepale alipozibwa siku ile. Bibi Nyirakamana akainuka, akaushika mkono ule, akauondoa taratibu.

"Lia, mwanangu," akamwambia. "Jua linawaka."