Mashahidi Chini ya Jiwe

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa kipimo chochote. Nilikabidhiwa jembe. Nilikuwa nimetoka shuleni na cheti cha upimaji wa ardhi, nimevaa viatu vyeupe kwa ujinga wangu, na Mkuu wa Brigedi, yaani kiongozi wa kikundi chetu cha wapimaji, akanipeleka mtaa wa Kabondo, hapa Kisangani, kwenye pembe ya kiwanja kimoja. Hapo ilisimama borne, jiwe la saruji linaloonyesha kiwanja cha mtu kinaishia wapi.

"Weye mutoto, unaona nini?" akaniuliza.

"Borne, chef," nikajibu, maana chef ndivyo tulivyomwita mkubwa wa kazi.

"Hapana. Unaona jiwe. Jiwe iko na miguu. Chimba."

Nikachimba mpaka viatu vikawa na rangi ya matofali. Chini ya jiwe nikakuta vipande vitatu vya sahani nyeupe yenye mstari wa kijani, vimelala kifudifudi. Akanionyesha jinsi vinavyoungana kuwa kitu kimoja tena, kisha akavirudisha shimoni. Hao ndio mashahidi, alisema. Mpimaji akisimamisha borne huzika chini yake kitu kisichooza. Wengine walizika vipande vya chupa au makaa. Yeye alizika sahani, siku zote vipande vitatu, siku zote kifudifudi. Mwizi wa ardhi huhamisha jiwe kwa sababu ndilo analoliona. Siri ya mashahidi ilikuwa yetu sisi wa kazi peke yetu, naye aliniapisha nisimwambie hata mume, siku nitakapoolewa.

Ninyi vijana mnaopima kwa simu mtacheka. Lakini mjue kwamba mji huu umegawanywa na kugawanywa tena. Waliokuja kuutawala walijichagulia viwanja virefu kando ya mto, wakapiga mistari iliyonyooka kana kwamba hapakuwa na watu. Viwanda vilipokufa, viwanja vyao vikakatwakatwa. Vita vilipokuja watu wakakimbilia msituni, ramani zetu zikaungua, na waliporudi wengi walikuta ua wa jirani umenenepa. Mpaka leo, mtu akitaka kunisimulia historia ya Kisangani, kwanza namuuliza kiwanja chake kiko wapi.

Nilipohamishiwa Basoko, mji ulio chini zaidi ya mto, Mkuu wa Ofisi wa kule alinipokea niliposhuka kwenye mashua, akaniambia, "Madame, hapa mutu akikupatia samaki, kula. Lakini kisha kula, pima mara mbili." Mzee huyo hakukosea. Mwenye kiwanja akiniandalia mlo kabla sijasimamisha kifaa changu, nilijua borne yake imetembea. Tabia hiyo ikanifuata mpaka nyumbani. Mume wangu akiniletea kitenge kipya, nilimuuliza amefanya nini.

Nikarudi Kisangani nikiwa sasa mimi ndiye Mkuu wa Brigedi. Yule Mkuu wa kwanza, mwalimu wangu, alikuwa amekwisha kustaafu. Haukupita muda tukaitwa karibu na maporomoko ya mto Tshopo, kwa mvuvi mmoja, Papa Losala. Jirani yake, tajiri mwenye depo ya simenti, alidai kuwa njia nyembamba ambayo familia ya Losala hupita kushuka majini iko ndani ya kiwanja chake. Njia hiyo ikienda, wangebaki na nyumba, lakini mtumbwi usingekuwa na pa kufungwa wala nyavu pa kuanikwa. Mvuvi asiyefika majini atakula nini?

Kweli, borne ilisimama upande wa Losala, ikimpa tajiri njia yote. Mkuu wa Divisheni, aliyekuwa juu yangu, alikuja mwenyewe na gari. Nilishangaa. Hakuwa mtu wa kuchafua viatu.

"Bon, borne iko pale, batu bote banaiona," akasema. "Tia saini, twende."

Nikaomba jembe. Chini ya jiwe nikakuta vipande vitatu vya sahani nyeupe yenye mstari wa kijani, kifudifudi. Nikaviunganisha, vikaungana. Tajiri akatabasamu. Papa Losala akaketi chini pale pale.

"Mama, kumbe papa yangu alitudanganya?" akaniuliza. "Alisema njia iko yetu."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Kilichonizuia ni weupe. Kitu kilichokaa ardhini miaka na miaka hunywa udongo pale kilipovunjika, kikawa na rangi ya kahawia. Vipande hivi vilikuwa vyeupe kama vimevunjwa juzi. Nikaanza kupima upya, kutoka kwenye borne ya kiwanja cha tatu ambayo hakuna aliyeigombania, nikatokea ng'ambo ya njia, upande wa tajiri. Nikachimba hapo penye nyasi. Vipande vitatu, kifudifudi, kahawia kila kilipovunjika.

Nikatangaza mbele ya wote kwamba mpaka wa kweli ndio huo, na njia ni ya Losala. Mke wake akapiga kigelegele. Mkuu wa Divisheni akaniuliza kwa hasira nani basi alihamisha jiwe.

"Mutu mwenye anajua kazi," nikasema. Sikutaja jina, ingawa sahani yenye mstari wa kijani niliijua ya nani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wangu. Alikuwa barazani, amenyoosha mguu wake mbovu. Nikaweka mapajani mwake kipande kimoja cha vile vyeupe. Alikitazama sana.

"Njo rangi ilikuonyesha?" akauliza.

"Ndiyo, papa, ni rangi."

"Ningekichovya kwanza ndani ya chai." Akanirudishia. "Walikuja na gari, mutoto yangu. Waliniita chef. Kutoka niache kazi, hakuna mutu aliniita vile."

Nilitaka kumgombeza, badala yake nikaita pikipiki ya kunirudisha nyumbani. Nililia nyuma ya pikipiki mpaka dereva akasimama kuniuliza nani amekufa. Kesi ya Losala sikuijutia hata siku moja, ila tangu siku ile sikupata tena mtu wa kumuuliza ninapokwama.

Leo nami nimestaafu. Watu hudhani mstaafu wa kazi yangu hulala vizuri, kwa kuwa anajua kila mpaka ulipo. Mwezi uliopita mwanangu, aliyerithi kazi yangu ya upimaji, alileta matofali ajenge ukuta kuzunguka kiwanja chetu. Kiwanja hiki alitupimia yule mwalimu nilipoolewa. Ndiyo zawadi yake ya harusi, na jirani zetu siku zote wamesema ni kikubwa kuliko vyao. Mwanangu akashika jembe.

"Mama, tuchimbe kwanza tuone mashahidi. Si weye njo ulinifundisha?"

Nikamnyang'anya jembe.

"Jenga ndani zaidi, mbali na bornes," nikamwambia. "Hapa hakuna mutu atachimba."