Picha za Saa Nne Asubuhi

Nilikuwa na saa moja tu kabla ya kuwaambia wataalamu wajenge wapi darubini yao kubwa ya nyota, na jibu nilikuwa nalo: kwenye uwanda wa juu alikozaliwa baba, mbali na taa za migodi ya Kolwezi. Picha za setilaiti nilizichambua miezi mingi. Kiangazi kizima, hakuna wingu. Nilishamwambia baba, na baba, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alishampigia mdogo wake kijijini kwamba barabara ya kupandishia darubini inakuja. Kwa watu wanaobeba wagonjwa kwa machela, hilo si neno dogo.

Akaingia chumbani kwangu, katika nyumba yetu ya mtaa wa Kapata, ili azione picha. Akavaa miwani, akainama.

"Eh! Na moshi iko wapi?"

"Moshi gani, papa?"

"Mwezi wa munane, moshi haiko? Hii picha banapigaka saa ngapi?"

"Saa ine ya asubui."

Akacheka. "Saa ine majani ingali na umande! Nani anachomaka pori saa ile? Weye ulikuwa unachomea panya saa ngapi?"

Mchana! Kila likizo ya utoto wangu tulichoma nyasi mchana ili panya watoke, tukarudi macho yanawasha, na usiku hatukuona hata nyota moja. Nami, mpumbavu mwenye diploma, nilichagua picha za asubuhi kwa sababu ndizo zilizokuwa safi! Nikafungua za alasiri. Uwanda wote ulifunikwa na utando wa kijivu, wiki baada ya wiki.

Zilibaki dakika kumi. Nilimkasirikia baba, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Nikinyamaza, nani atajua? Baba alikaa kitandani akifuta miwani yake kwa shati, na mimi nilitamani aseme neno.

Wataalamu wakapiga simu. Nikawaambia kwa Kifaransa kwamba nimekosea, kwetu hapafai, wachukue kilima kilichokuwa cha pili kwenye orodha yao, ng'ambo ya mpaka wa nchi. Wakanishukuru. Wakanishukuru, jamani! Nilitaka kulia.

Punde simu ya baba ikalia. Akaitazama, akaniwekea mkononi. Alikuwa baba mdogo, kutoka kijijini.

"Mutoto yangu," akasema kwa furaha, "ambia bale bakubwa bakuye. Miti ya daraja ya ile barabara tulishamaliza kukata."