Makofi ya Mpui

Ipo siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Ni siku wageni wa mradi walipokuja hapa Mpui kuzungumza habari ya mashine ya alizeti. Nilikuwa binti bado. Shule niliishia darasa la nne, lakini Kiswahili changu kilikuwa hakikwami, ndiyo maana akina mama wa kikundi chetu wakaniweka mbele niwasemee.

Tulikuwa tunakamua mafuta kwa mashine ya mkono. Unaning'inia kwenye ule mpini mpaka mabega yanawaka, mafuta yanatoka kidogo kidogo, lakini yalikuwa yetu. Mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, tuliwauzia Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao. Tukasikia nchi za nje zimeshirikiana na serikali kuleta mashine kubwa ya umeme, kiwanda kabisa, ili mkulima mdogo naye afaidi. Tulifurahi, nisikufiche. Tukafyatua matofali wenyewe, tukayachoma, tukayapanga pale kwenye kiwanja cha kikundi.

Mkubwa wa wageni alikuwa mzungu mmoja mpole, upepo wa baridi wa huku umemfanya awe na pua nyekundu. Mkalimani wake alikuwa Didas, ofisa wa mradi. Namtaja jina, na akikasirika shauri yake. Didas kazaliwa Mpui, kakulia Mpui, kala ugali wa ulezi kwa mama zetu hawa hawa. Mgeni akasema maneno yake, Didas akatugeukia.

"Mgeni anasema mashine itakaa mjini, Kizwite. Mtakuwa mnapeleka alizeti kule. Mnasemaje?"

Sasa wewe unajua sisi Wafipa tulivyo. Mgeni akimaliza kusema unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, kuonyesha kwamba maneno yake umeyapokea. Hapo hujakubali kitu. Ukishapiga ndipo unajibu. Basi tukachuchumaa, tukapiga. Nikainuka niseme hapana, matofali yetu yako hapa na alizeti iko hapa.

Didas alikuwa ameshamgeukia mgeni, wanaongea lugha yao. Mgeni akatabasamu, naye akatupigia makofi.

"Kaka Didas, ngoja. Hatujajibu."

"Mmejibu, dada. Si mmepiga makofi?"

"We Didas! Wewe si Mfipa?"

"Kaa chini, binti. Mgeni ana safari."

Leodegar, mwenyekiti wetu wa kijiji, alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha mbele. Alijua vizuri kabisa maana ya makofi yale. Akacheka. "Wanawake wa Mpui bwana! Hata zawadi wanaibishia." Mgeni akanifuata, akanishika mkono, akanishukuru. Mimi! Sikuwa na neno hata moja la kumwambia akalielewa.

Tukirudi nyumbani nilimtukana yule mzungu njia nzima. Bibi Oresta, mkubwa wa kikundi chetu, akasimama.

"Mwache. Yeye hakujua. Aliyejua ndiye aliyetuuza."

Kiwanda kikajengwa Kizwite, nyuma ya nyumba ya Didas. Kusafirisha magunia kukatumaliza, kikundi kikafa, mashine ya mkono ikashika kutu. Nikaenda kuwa kibarua kwenye kiwanda kile kile, maana tumbo halina aibu. Wageni waliileta ile mashine na kinga ya kufunika mkanda wake. Didas, aliyekuwa msimamizi pale, akaamuru kinga itolewe, eti inachelewesha kusafisha. Mkanda ukanasa pindo la kitenge changu, nikapeleka mkono kulivuta. Vidole vya mkono wa kulia vilibaki mle ndani, kikabaki hiki kimoja cha gumba. Wageni walipouliza, Didas akawaambia nilikuwa mzembe. Safari ile hakukuwa na wa kumbishia, mimi nilikuwa nimelala hospitali.

Leo mashine imekufa, kifaa chake kimoja kilivunjika na hakuna hapa nchini anayekitengeneza. Didas kajenga nyumba nyingine Mazwi, huko huko mjini, anasalimiwa shikamoo na watu wanaopita. Mimi simwamkii.

Nakuandikia haya, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu nimesikia wageni wengine wanakuja, na vijana wa Mpui wamekuchagua wewe uwasemee. Sikukatazi kumpokea mgeni. Mashine tunaihitaji, na peke yetu hatuiwezi. Lakini chukueni mkalimani wenu wenyewe, mtu mtakayelala naye kijiji kimoja. Uliza mashine itakaa wapi. Uliza ni nani wa hapa atafundishwa kuitengeneza ikiharibika, na mtu akiumia atatibiwa na nani. Wasiojibu waondoke na mashine yao. Na ile desturi yetu nzuri, mwanangu, igeuze siku hiyo. Sema kwanza. Makofi yatafuata ukishasikilizwa, na wazee wakikugombeza waambie nimekutuma mimi.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka mbele ya wakubwa. Akulinde na ndugu anayekuelewa halafu anakuuza. Na siku utakapopiga makofi, mwanangu, uyapige kwa mikono yote miwili, vidole vyote vikiwepo.