Mfungaji Aliyegoma Kurefuka

Nilipokuwa darasa la nne nilikuwa mrefu kuliko wasichana wote wa shule yetu pale Shanwe. Mwalimu wa michezo, mama mnene mwenye sauti iliyofika hadi barabarani, akaniweka mfungaji wa netiboli. Kazi yangu ikawa hiyo tu, kusimama chini ya goli na kutumbukiza mpira. Kukimbia na kuruka kamba alinikataza. Siku moja alikuja nyumbani.

"Mama, huyu mtoto asitwange," alimwambia mama. "Mikono ikiota sugu, hafungi."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Alikunja nondo ikawa goli, akaifunga kwenye nguzo uani. Kila Jumapili tukitoka kanisani alinisimamisha mlangoni na kuchora urefu wangu kwa mkaa. Dada yangu alitwanga zamu zangu, akinikata jicho.

Jioni wenzangu walicheza rede, mimi nikarusha mpira peke yangu. Bega liliniuma nikanyamaza, maana mtaani walishaanza kuniita mchezaji wa taifa.

Darasa la sita ile alama ya mkaa ikagoma kupanda. Baba aliinama, akaichungulia, akasema taratibu, "Labda na nyumba nayo inakua."

Mwaka huohuo alihamia msichana kutoka Sibwesa, mrefu hata mwalimu alimtazama kwa kuinua shingo. Mwalimu akaniita pembeni.

"Mwanangu, nakuhamishia senta, ukimbie uwanja mzima. Umekasirika?"

Nililia, naye akadhani nimeumia. Kumbe nilikuwa nimefurahi, ila sikujua niseme vipi mbele ya mtu aliyenipenda kiasi kile.

Senta ilinishinda. Pumzi zilikata, nilijikwaa ovyo, na timu ya wilaya ilipochaguliwa sikuwemo. Mwalimu hakunitupa. Alinifundisha kukimbia upya, akikimbia mbele yangu huku kitenge kinamvuka, na timu nzima ikivunjika mbavu.

Baba naye aliendelea kuja uwanjani, ingawa hakuna aliyemtajia taifa tena. Siku moja tukirudi aliniuliza, "Mbona leo umecheza unacheka?"

"Wamenipasia wote, baba."

Tulipofika sokoni alininunulia muwa, akaukata katikati, tukaumenya kwa meno tukitembea.