Nyuma ya King'ora

Umewahi kumwona mtu mwema akiuacha utu wake nyumbani ili awahi kazini? Mjomba huyu hufunga mlango polepole asiwaamshe watoto. Akimpeleka mpwa wake kazini, hufuta usukani kwa leso, humwamkia kila muuza magazeti, kisha hutega sikio. Gari la wagonjwa likipita na king'ora chake, magari mengine yakajibanza pembeni, yeye huwasha taa za dharura na kulifuata unyounyo, vidole vikicheza ngoma juu ya usukani.

"Mjomba, humo mna mgonjwa!" mpwa alimwambia siku moja.

"Kwani nimemgusa? Njia ikishafunguka, baba, ni ya wote."

Ni sauti ileile inayowabembeleza watoto walale.

Kesho yake asubuhi king'ora kililia, mjomba akachomoka kukifuata. Mpwa akageuza uso kwa aibu, akatazama nyuma. Msururu wa magari ulikuwa umewafuata, yote yamewasha taa za dharura, na mkiani mwake gari la pili la wagonjwa lilikuwa likilia, limezibwa njia. Mjomba akatupia kioo jicho, akasonya.

"Na huyu naye haraka ya nini?"