Mwanvua na Mkono wa Pili

Mwanvua, mchora hina wa mtaa wa Nyakabiga, bado anatwanga majani ya hina kinuni. Wenzake wananunua hina ya dukani, iliyokwisha tiwa kwenye bomba, nyeusi kama lami, na maharusi wengine siku hizi wanabandika maua ya karatasi mikononi kama nembo kwenye sabuni. Mji huu umechoka na kila kitu kizuri. Yeye hajachoka, basi namwandika yeye.

Mwaka huu alipasuliwa, akaondolewa rovu, ile tezi iliyovimba shingoni. Hospitali ikampa vidonge vya kalisiamu, avimeze kila siku. Jirani mmoja akamwambia hiyo ni dawa ya mifupa. Mwanvua, ambaye mifupa yake haijawahi kumuuma, akampa vyote mama yake mkubwa, Mwantum, mwenye magoti mabovu. Ndivyo tulivyolelewa zamani: mwenye nacho humpa mwenye haja.

Siku chache baadaye akaitwa asubuhi kumpaka hina Soumaya, aliyekuwa anaolewa kesho yake. Mkono wa kulia aliumaliza vizuri. Aliposhika wa kushoto, midomo ikamfa ganzi, vidole vyake vya kuchorea vikajikusanya, gumba likaingia kiganjani, na havikukunjuka. Wanawake wakanong'ona kuhusu jini. Shangazi wa biharusi akatoa maua ya karatasi mkobani.

"Rudisha, shangazi," Soumaya akasema. "Mwenye alianza ndiye atamaliza. Nitamungoja."

Nilikuwa barazani nikilaani kelele za spika, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza Mwanvua hadi zahanati. Muuguzi Jovithe alimfunga tensiomètre, kipimo cha presha, kwenye mkono ule mwingine. Kilipobana, vidole vya mkono huo navyo vikajikunja mbele yetu.

"Jini gani hii inatii tensiomètre?" Jovithe akauliza, maana nilishamsimulia minong'ono ya wanawake.

Damu ilipopimwa, daktari Sylvère akatazama kovu la shingoni, akauliza vidonge alivyopewa hospitali viko wapi.

"Nilimupa mama mukubwa, magoti inamuuma. Mi siko na ugonjwa ya mifupa, docteur."

"Na magoti yake?"

"Anasema iko vilevile tu."

Daktari akacheka, kisha akatueleza. Nyuma ya tezi iliyoondolewa kuna tezi nne, kila moja kama punje ya mchele. Kalisiamu ikipungua katika damu, zinatoa homoni: mifupa inaachia kidogo, figo zinapunguza kuimwaga kwenye mkojo, utumbo unafyonza zaidi kutoka kwenye chakula. Ikitosha, zinatulia. Upasuaji ulizichosha, zikalala. Bila kalisiamu ya kutosha, neva zinashtuka ovyo na misuli inajikunja.

"Kwa hiyo ni damu yako iko na njaa, mama. Mifupa ni ghala tu, na wenye funguo wamelala."

Wakamtundikia kalisiamu, ikaingia polepole. Vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Alasiri tulimkuta Soumaya palepale, mkono wa kushoto mtupu juu ya mto, Mwantum, niliyempigia simu kutoka zahanati, akimlisha wali kwa kijiko. Mwantum akafungua fundo la kitenge chake, akatoa vidonge.

"Chukua zako. Magoti yangu tumeshazoeana."

Mwanvua akameza kimoja kwa maji, akakaa mkekani.

"Lete mukono."

Ua la kushoto lilitoka kubwa kuliko la kulia. Kesho yake, kila aliyemsalimu Soumaya alinyooshewa mkono huo wa kushoto kwanza.